Bunduki mpya ya bolti .30-06: inapokwama na inapokosa shabaha

Mtwara kuchele, na Lindi pia, karibuni sana watazamaji. Leo mezani kuna bunduki ya kuwindia ya bolti, yaani kile chuma unachokivuta na kukisukuma kwa mkono kuingiza risasi, kaliba .30-06, ya lile kundi la bei nafuu: mtutu mwembamba wa inchi 22, kitako cha plastiki nyeusi, magazini ya plastiki ya kuchomoa inayobeba risasi nne. Jina la kampuni silitaji, kwa sababu viwanda vingi siku hizi vina moja ya namna hii na magonjwa yao yanafanana. Malalamiko ya wenye leseni, kuanzia Liwale mpaka Nanyumbu, ni mawili: inakwama wakati wa kulisha risasi, na risasi hazikai sehemu moja.

Hukumu yangu naitoa mapema. Mtutu na bolti ni chuma kizuri kabisa. Kiwanda kimebana matumizi kwenye plastiki na kwenye skrubu, na matatizo mengi yanatoka hukohuko. Kwa hiyo usikimbilie kubadilisha darubini wala kulaumu risasi. Lakini kuna alama moja, nitaionyesha mbele, ukiiona basi hakuna cha kutengeneza nyumbani.

Kabla sijagusa chochote: magazini nje, bolti nyuma, natazama chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, naingiza kidole kidogo ndani. Tupu. Sefti inafunga triga tu, haiondoi risasi iliyomo, na mtutu unabaki kuelekea upande salama hata baada ya kuhakikisha.

Tuanze na shabaha. Tazama karatasi hii ya mita 100, uangalie mpangilio wa matundu kabla ya kuangalia ukubwa wa kundi. La kwanza na la pili karibu yashikane. La tatu limepanda kulia. La nne na la tano yamezidi kupanda. Kundi zima linakaribia sentimita 10, wakati bunduki ya kuwindia ya kaliba hii inatakiwa kukaa ndani ya sentimita 4 au 5. Mpiga shabaha mbovu hutawanya ovyo, huku na huku. Risasi zinazotembea kuelekea upande mmoja kadiri mtutu unavyopata moto zinakwambia kuna kitu kinaugusa mtutu huo.

Na kitu chenyewe ni hiki. Chukua noti, ya elfu mbili inatosha, ipitishe kati ya mtutu na plastiki, uivute kutoka mbele kurudi nyuma. Bunduki ikiwa juu ya meza noti inapita vizuri. Sasa naweka bunduki juu ya mfuko wa mchanga, nabonyeza kidogo kama unavyolenga. Umeona? Noti imekwama upande wa kushoto, sentimita 6 hivi kutoka kwenye ncha ya plastiki. Mkono wa mbele wa kitako unapinda, unaugusa mtutu upande mmoja. Mtutu baridi haujali sana. Ukishapata moto unatanuka, unasukumwa, na kila risasi inakwenda zaidi kidogo.

Tiba ni msasa namba 80 uliozungushwa kwenye kipande cha bomba chenye unene unaokaribia wa mtutu. Toa kitako, sugua mfereji wa plastiki pande zote mbili mpaka noti iliyokunjwa mara mbili ipite hata ukibonyeza. Usisugue sehemu ya nyuma, pale mwili wa bunduki unapolala; ukiilegeza hapo umeongeza ugonjwa. Na unapopiga, mfuko wa mchanga ukae chini ya kitako karibu na magazini, usiusogeze kwenye ncha. Hilo peke yake linapunguza kundi kwa wengi.

Skrubu za chini ni mbili, mbele na nyuma ya magazini. Zinakuja zimelegea kutoka kiwandani, au zimekazwa na mtu wa dukani kwa nguvu zake zote, na zote mbili ni mbaya. Kitako cha plastiki tupu kinataka nyutoni-mita 5 hivi, kipimo cha nguvu ya kukaza. Kama ndani ya matundu kuna bomba za chuma, unaweza kufika 6 au 7, lakini kijitabu cha bunduki yako ndicho chenye neno la mwisho. Isimamishe kwa kitako, igonge chini mara moja kwa upole ili lile jino la chuma linalopokea teke, yaani msukumo wa bunduki kurudi nyuma, likae nyuma kabisa kwenye nafasi yake, halafu kaza ya mbele nusu, ya nyuma nusu, rudi umalizie ya mbele, umalizie ya nyuma. Sasa weka kidole pale plastiki inapokutana na mtutu na ulegeze skrubu ya mbele taratibu. Ukisikia mtutu unaruka chini ya kidole, chuma kimekaa kwa kulazimishwa na hakijalala. Hapo kazi ni ya fundi wa silaha mwenye kibali: atakilalisha chuma kwa gundi ya epoksi yenye unga wa chuma, baada ya kupaka dawa ya viatu kila mahali gundi isipotakiwa kushika. Akisahau kupaka, bunduki na kitako vimeoana.

Darubini. Hii ilifungwa dukani, na skrubu za reli inayobeba darubini zilikuwa na mafuta ndani ya matundu. Skrubu yenye mafuta unaikaza leo, kesho teke limeifungua. Toa zote, safisha kwa spiriti, skrubu za reli weka tone la gundi ya bluu ya kufunga nati, kaza nyutoni-mita 2 na kidogo. Pete za darubini zisizidi 2. Ukizidisha unaminya bomba la darubini na vioo vyake vya ndani havitembei sawasawa. Kisha chora mstari wa rangi ya kucha unaopita kwenye pete na bomba. Mstari ukikatika siku moja, umejua darubini imeteleza bila kupoteza risasi hata moja.

Ukiitilia shaka darubini yenyewe, ipime kwa mraba. Kila kibonyo cha kirekebishi chake, cha robo dakika ya pembe, kinahamisha risasi milimita 7 hivi kwa mita 100. Piga moja, panda vibonyo 20, piga, nenda kulia 20, piga, shuka 20, piga, rudi kushoto 20, piga. Risasi ya mwisho inatakiwa kurudi palepale pa kwanza, na kila upande wa mraba uwe karibu sentimita 14. Mraba uliopinda ni darubini mbovu. Lakini fanya hivyo baada ya kitako na skrubu, maana kundi la sentimita 10 haliwezi kukuonyesha mraba wowote.

Risasi zenyewe: huku kusini madukani chaguo ni dogo, kwa hiyo shida kubwa ni kuchanganya. Mtu ana tatu za uzito huu, mbili za kiwanda kile, anaweka ziro, yaani anarekebisha darubini ilingane na mahali risasi inapogonga, kwa mojawapo na kuwinda kwa nyingine. Mtutu huu mifereji yake inazunguka mara moja kila inchi 10, unapenda vichwa vya greni (kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi) 165 na 180. Nunua boksi kadhaa zenye namba moja ya toleo, iko ubavuni mwa boksi, halafu weka ziro kwa hizo hizo. Greni 180 ikiwa juu kwa sentimita 5 kwenye mita 100, itarudi mstarini karibu na mita 200, na kwenye miombo ya Liwale ni nadra kuona mnyama vizuri kwa umbali huo. Piga tatu, acha bolti wazi, weka bunduki kivulini mpaka uweze kuushika mtutu kwa kiganja bila kuvumilia. Inayokuhusu porini ni risasi ya kwanza ya mtutu baridi, kwa hiyo hiyo ndiyo uiandike.

Kwa nyati msiniulize. Wanyama wa hatari wanaanzia .375, na TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, hawatakupa mjadala kwenye hilo.

Tuje kwenye kukwama, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu wanachanganya mambo matatu.

La kwanza, bolti inapita juu ya risasi bila kuichukua. Tumia risasi bandia, za plastiki au alumini, usijaribu ulishaji kwa risasi za moto sebuleni. Jaza magazini, ifunge, sukuma bolti. Imepita mtupu. Sasa naisukuma magazini juu kwa kidole huku nalisha. Imechukua. Kumbe kosa ni kishikizo cha magazini: ni ulimi wa plastiki, umelika, magazini inaning'inia chini kwa milimita moja hivi, na hiyo milimita inatosha. Kishikizo hubadilishwa, hakifungwi mpira wala hakiwekewi karatasi.

La pili, ncha ya risasi inachimba chini ya mlango wa chemba. Risasi ya .30-06 ni ndefu, inafika karibu milimita 85, na ndani ya magazini hii nafasi ya ziada ni ndogo. Teke linazisogeza mbele. Unapojaza, kila risasi isukume mpaka kitako chake kiguse ukuta wa nyuma. Kama bado inachimba, tazama kile kibamba kinachoinua risasi: bonyeza upande wa mbele, bonyeza wa nyuma. Kikilala mbele na kisirudi, springi imechoka au imegeuzwa kichwa chini na mtu aliyesafisha. Midomo ya plastiki ya magazini usiikunje kwa moto wa kiberiti. Nimeiona kazi hiyo, haina mwisho mzuri. Magazini ya pili ni bei ndogo kuliko safari moja ya Kilwa kwenda Liwale, nunua, ziandike namba, uone kama tatizo linafuata magazini au linabaki kwenye bunduki.

La tatu ni mkono wa mtumiaji. Bolti ya kaliba ndefu inataka kurudi nyuma mpaka igonge. Ukiivuta nusu inatupa ganda, lakini haifiki nyuma ya risasi inayofuata. Hiyo siihesabu kama kosa la bunduki.

Kuna na wale wanaobonyeza triga ikasema "ta" halafu kimya. Kwanza shikilia mtutu upande salama, hesabu mpaka sekunde 30 ndipo ufungue bolti, maana baruti inaweza kuchelewa kuwaka. Kisha tazama fataki, ile duara ndogo kwenye kitako cha ganda. Kishimo kilichoachwa na pini kikiwa na kina kidogo, pini haina nguvu. Kwenye bunduki mpya sababu ya kawaida ni grisi nzito ya kiwandani ndani ya bolti. Fungua bolti kama kijitabu kinavyoelekeza, osha kwa mafuta ya taa, kausha kabisa, paka tone moja la mafuta mepesi ya silaha. Moja. Ukiloweka, vumbi la Nachingwea litageuza mafuta yako kuwa uji. Mafuta ya nazi yanaganda na kunata. Ya cherehani yanalainisha lakini hayazuii chumvi ya Mikindani hata kwa wiki.

Na hiyo chumvi, kwa wa pwani: usiihifadhi bunduki ndani ya mkoba wa sponji. Sponji inashika unyevu, na asubuhi unakuta madoa ya kutu mahali mkoba ulipogusa chuma. Ikitoka kwenye gari lenye kiyoyozi, iache izoee joto la nje, ifute, ndipo uipake mafuta. Risasi zenye ukijani kwenye shaba weka pembeni, zinakwama kwenye chemba. Na usiziache kwenye dashibodi juani: joto linapandisha shinikizo, bolti inakuwa ngumu kuinua, fataki inabapa.

Sasa ile alama niliyoahidi. Maganda yaliyopigwa usiyatupe. Yapange, yazungushe mwangani. Sentimita moja hivi juu ya kitako cha ganda, tafuta pete inayong'aa kuzunguka shaba. Chukua waya mwembamba, ukunje ncha iwe ndoana ndogo, ipitishe ndani ya ganda ukikwaruza ukuta kutoka chini kwenda juu. Ncha ikidumbukia kwenye mfereji palepale penye pete, ganda linanyooshwa, na linaweza kukatika vipande viwili gesi ikakurudia usoni.  Yaelekea nafasi kati ya bolti na chemba imezidi kipimo. Hakuna msasa, gundi wala skrubu ya kuisaidia. Usipige hata moja zaidi. Irudishe kwa muuzaji mwenye leseni pamoja na maganda hayo, boksi lenye namba ya toleo na stakabadhi, na akikwambia "ni risasi tu", mwombe aweke geji ya kupimia chemba mbele yako.