Chambo Bandia cha Kumvulia Basi Ukiwa Ukingoni mwa Ziwa Naivasha: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Samaki anayezungumziwa hapa ni yule mwenye mdomo mpana na mstari mweusi ubavuni, aliyeletwa Ziwa Naivasha kutoka Marekani mwaka 1929 kwa ajili ya uvuvi wa burudani. Nitamwita basi, na msomaji amtenganishe mwenyewe na gari la abiria. Si samaki wa kupatikana kirahisi tena. Ziwa hili huvuliwa kila siku ya Mungu: mashua za nyavu hutoka Kamere na Karagita alfajiri, na vijana wenye mishipi ya mkono hujipanga kila palipo na upenyo kati ya mafunjo. Mwaka 2001 samaki walikuwa wamepungua kiasi kwamba uvuvi ulifungwa kwa mwaka mzima. Kisha wakaja samaki waitwao kapi, ambao walikuja kuwa wengi nyavuni na ambao huchimba tope la chini wakitafuta chakula na kuyachafua maji. Kwa hiyo anayesimama ukingoni akiwa na ufito mkononi anamtafuta samaki mchache, katika maji yasiyoona mbali, mahali ambapo wenzake kumi wameshatupa mishipi tangu asubuhi.

Hali hiyo ndiyo inayopaswa kuamua mtu anunue nini, wala si rangi zinazong'aa kwenye rafu ya duka. Katika ziwa dogo la Ridge huko Illinois, watafiti waliwafuatilia basi wa aina hiihii kwa miaka mingi, wakawazalisha kando wale walionaswa mara nyingi na kando wale wasionaswa kabisa. Matokeo waliyochapisha mwaka 2009 yalionyesha kwamba tabia hiyo hurithiwa: watoto wa samaki wepesi kunaswa nao walinaswa kwa wepesi, na watoto wa wagumu wakawa wagumu. Naivasha, ambako anayenaswa huishia sufuriani, sioni kwa nini mambo yawe tofauti. Waliobaki ni wazao wa wale waliokikataa chambo chenye kelele. Mvuvi wa ukingoni ana shida nyingine juu ya hiyo, kwamba ndoana yake ikikwama hana mashua ya kuifuata. Maji yalipopanda mwaka 2020 yalifunika migunga mingi iliyokuwa ufukweni, na miti hiyo imekufa ikiwa imesimama majini. Basi hupenda kukaa hapo, na hapo ndipo vyambo hupotelea. Nimevipanga vyambo vifuatavyo kwa kufuata mambo hayo: kipite kimyakimya, kipenye kwenye matawi na magugu, kirushike mbali, na kikipotea kisiumize mfuko.

Cha kwanza, bila kusita, ni nyungunyungu wa plastiki laini mwenye urefu wa sentimita 12 au 13, mnene, aliyechanganywa na chumvi ndani ya plastiki yenyewe. Anayejulikana zaidi ni Senko wa kampuni ya Gary Yamamoto, ambaye huuzwa kumi kwa pakiti, lakini wapo wengine wanaofanya kazi ileile kwa bei ndogo. Ukimwangalia mkononi utadhani ni kalamu iliyoyeyuka, hana mkia wala miguu, na wanunuzi wengi humpita kwa sababu hiyo. Uhodari wake uko katika kuzama. Chumvi humpa uzito wa kurushwa bila risasi yoyote, na akishatua majini hushuka akiwa amelala, ncha zake mbili zikitetemeka kidogo sana, kama kitu hai kisicho na haraka. Samaki aliyeona mabamba ya shaba yakipita mbele yake wiki nzima hana sababu ya kumkimbia huyu.

Anachomwa kwenye ndoana ya nambari 3/0 yenye mkunjo shingoni, na ncha ya ndoana hurudishwa ndani ya mwili wake ili isishike mti. Mrushe kando ya shina la mgunga uliokufa, usimvute, uache mshipi ulegee, kisha uhesabu taratibu hadi kumi. Mara nyingi hutahisi chochote mkononi. Utauona mshipi ukianza kwenda upande, polepole, kana kwamba kuna mtu anayeuvuta kwa kidole. Hapo ndipo unapokaza. Kwa rangi, nunua mbili tu. Ya kwanza ni kahawia yenye wekundu, kwa kuwa basi wa Naivasha wanakula sana kreifishi, yule kamba mwekundu wa maji baridi aliyeingizwa ziwani mwaka 1970; ya pili ni nyeusi, kwa siku ambazo maji yamechafuka na samaki anaona kivuli tu.

Kumkagua dukani si kazi. Mshike katikati kwa vidole viwili: anayefaa huinamisha ncha zote mbili na kutikisika ukimtingisha, na aliye mkavu kama mpira wa bomba mrudishe. Kasoro yake ni kwamba hachukui muda kuchanika. Samaki mmoja au wawili, naye amekwisha. Hata hivyo, kwa bei ya samaki bandia mmoja mgumu unapata pakiti nzima, na hesabu hiyo ndiyo iliyomweka juu ya orodha.

Cha pili ni ndugu yake mdogo: kipande cha plastiki cha sentimita 7 hivi, kinachovikwa kwenye ndoana yenye kichwa cha risasi chenye umbo la uyoga na uzito wa gramu 3 hadi 5. Mtindo huu umepewa jina la Ned Kehde, mwandishi wa habari za uvuvi wa Kansas, na ulienea kwa sababu huwapata samaki pale ambapo kila kitu kingine kimekataliwa. Tafuta kile kilichotengenezwa kwa plastiki inayoelea, kama ile ya Z-Man, kwa maana kichwa kikigusa chini mwili husimama wima, na kreifishi anayejitetea husimama vivyo hivyo, magando juu. Kimeshika nafasi ya pili kwa sababu mbili. Ndoana yake iko wazi, hivyo kwenye migunga iliyozama hukwama. Na wepesi wake huufanya upepo wa alasiri, ambao Naivasha hauna simile, kukirudisha miguuni mwako. Penye tope au changarawe tupu, asubuhi ziwa likiwa limetulia, ningekichukua kabla ya nyungunyungu. Tahadhari moja inayowapata wengi: plastiki hiyo haipatani na plastiki nyingine. Niliwahi kuziweka pamoja kwenye kisanduku kimoja, na baada ya wiki mbili nikakuta uji wa rangi tatu ulioshikamana na kifuniko. Kiache ndani ya pakiti yake.

Cha tatu ni chambo cha waya chenye bamba linalozunguka, kile chenye umbo la herufi V, bamba likiwa juu na ndoana moja chini iliyovikwa nyuzi za mpira. Nimesema hapo juu kwamba samaki wa hapa wamechoshwa na kelele, na bado nasimamia neno hilo. Lakini kuna siku ambazo kelele ndiyo inayohitajika. Mvua zikinyesha milimani, mito ya Malewa na Gilgil huleta udongo, na upande wa kaskazini wa ziwa huwa kama chai ya maziwa. Katika maji hayo basi hawindi kwa macho; huhisi mtetemo kwa mstari wa hisi ulio ubavuni, na bamba lenye kuzunguka humwonyesha njia. Mkono wa waya ulio mbele ya ndoana huyasukuma kando matawi, kwa hiyo hukwama mara chache kuliko unavyotarajia. Gramu 10 zinatosha. Bamba pana la duara huzunguka hata ukivuta taratibu, na ndilo la kuchagua. Usidanganyike na vile vidogo vilivyonyooka vyenye ndoana ya matawi matatu mkiani. Ni vizuri sana kwa samaki wa mito ya baridi kule Aberdare, lakini hapa vitarudi na magugu maji kila mara ukirusha.

Cha nne ni chura bandia, mwenye tumbo lenye uwazi na ndoana mbili zilizolala mgongoni. Huyu ana kazi moja tu, nayo anaifanya kuliko mwingine yeyote: kutembea juu ya zulia la magugu maji, ambako hakuna chambo kingine kinachopita. Upepo ukishalisukuma zulia hilo hadi ukingoni, mvuvi wa mashua hulikwepa, na wewe uliyesimama nchi kavu unalo peke yako. Kabla ya kumlipia, mbonyeze kwa kidole gumba. Mwili ukishuka, ndoana zionekane zote mbili, la sivyo samaki atamng'ata na kumwachia. Nimemteremsha hadi nafasi ya nne kwa sababu anadai ufito mgumu na mshipi wa kusuka wenye nguvu, vitu ambavyo anayeanza hana, na kwa sababu saa zake ni chache, za asubuhi mapema. Saa za jioni zingefaa pia, ila jioni ukingo si wako. Viboko hutoka kwenda malishoni jua likizama, na mtu aliyesimama kati ya kiboko na maji hana pa kukimbilia, ondoka mapema.

Wa mwisho ni samaki bandia mgumu mwenye ulimi wa plastiki unaomfanya apige mbizi. Najua ndiye anayenunuliwa kuliko wote, kwa kuwa ndiye mzuri kuliko wote machoni. Wala sisemi ni mbovu. Lauri Rapala wa Ufini alichonga wa kwanza wake mwaka 1936 akiiga mwendo wa samaki mgonjwa, na mpaka leo sijaona kitu kinachoogelea vizuri zaidi. Tatizo ni mahali. Ana ndoana za matawi matatu mbili, wakati mwingine tatu, na anazipeleka moja kwa moja kwenye mgunga uliozama. Nilipoteza watatu asubuhi moja, wote kwenye mti mmoja, na maji yalipopungua kidogo nilimwona mmoja wao akining'inia kwenye tawi, tumbo lake jekundu likiwaka juani, mita 20 kutoka niliposimama. Mwenye mashua angekwenda kumchukua.

Kuhusu vile visanduku vinavyouzwa vikiwa na vipande mia kwa bei ya kutupa, sitavipa nafasi yoyote. Plastiki huweza kutumika, lakini ndoana zake hunyooka zikimpata samaki wa kilo moja. Ndoana nzuri ni rahisi kuijua: iburute ncha yake juu ya ukucha wa kidole gumba bila kuikandamiza. Ikikwaruza na kusimama, ni kali. Ikiteleza, iache hapohapo. Kile ulichookoa kwa kutonunua samaki wagumu kitie kwenye ndoana kumi za kweli na mshipi.

Kwa mshipi, ninapendekeza wa kusuka wa ratili 15 au 20, na mwishoni uunge kipande cha fluorokaboni (mshipi wa plastiki usio wa kusuka) cha mita moja. Watu husema kipande hicho ni kwa ajili ya kutoonekana. Katika maji ya Naivasha faida hiyo ni ndogo. Faida kubwa ni kwamba fluorokaboni huvumilia kusuguana na gome la mti, ambapo ule wa kusuka hukatika kama uzi wa kushonea. Ufito wa mita 2.1 wa ugumu wa kati utavirusha vyote vilivyotajwa isipokuwa chura. Leseni ya uvuvi wa burudani hupatikana kwa maofisa wa uvuvi, na ni vyema ukiwa hapo uwaulize maeneo yaliyofungwa ili samaki wazaliane.

Ukiwa na fedha ya ununuzi mmoja tu, chukua pakiti mbili za nyungunyungu, ya kahawia na nyeusi, na ndoana za 3/0. Pakiti zihifadhi kivulini: ukiziacha kwenye gari mchana kutwa, nyungunyungu watajikunja, na aliyejikunja huzunguka anapozama badala ya kutetemeka. Akishajikunja, mtumbukize kwenye maji ya moto kwa muda mfupi kisha mlaze kwenye ubao hadi apoe, hunyooka tena.