Saa ya kupima mapigo ya moyo: ununue ipi, uache ipi

Kabla hujatoa pesa, igeuze saa uitazame mgongoni. Zile taa ndogo za kijani zinazomwekamweka ndizo zinazopima, na ndizo zinazokula chaji. Damu hunyonya mwanga wa kijani. Moyo ukipiga, damu hujaa zaidi kwenye mishipa ya mkono, na mwanga unaorudi kwenye kihisi hupungua kidogo. Saa huhesabu huko kupungua. Taa zingewaka bila kuzimwa, betri ndogo namna ile isingemaliza hata siku, ndiyo maana huwashwa kwa mimweko mifupi mno. Kwa hiyo usimuulize muuzaji betri inakaa siku ngapi tu. Muulize pia saa inapima kila baada ya dakika ngapi.

Kwa watu wengi naweka mbele bendi ya Xiaomi Smart Band 9, iliyotoka 2024. Kampuni inasema inakaa na chaji siku 21 kwa matumizi ya kawaida, na siku 9 ukiacha kioo kikiwaka muda wote. Ninachoipendea ni kwamba unapanga mwenyewe ipime mara ngapi. Mzee anayefuatilia mapigo yake akiwa ametulia hana haja ya kupimwa kila dakika. Kila baada ya dakika 30 inamtosha, na chaji inadumu.

Mkimbiaji achukue Garmin Forerunner 55. Inakaa hadi wiki 2 kama saa ya kawaida na saa 20 GPS ikiwa imewashwa, tena ina vitufe halisi, kwa hiyo vidole vyenye jasho havikusumbui.

Nafasi ya tatu nampa Polar Verity Sense, isiyo na kioo, inayofungwa sehemu ya juu ya mkono badala ya kwenye kifundo cha mkono. Ukinyanyua vyuma au ukishika usukani wa baiskeli, kifundo hujikunja, saa hucheza na namba huvurugika. Juu kwenye nyama kihisi hutulia. (Anayetaka usahihi kuliko yote aachane na taa, avae mkanda wa kifuani kama Polar H10, unaosoma umeme wa moyo wenyewe.)

Pete ya Oura ni nzuri kwa usingizi, ila kuna ada ya kila mwezi. Apple Watch SE naiweka mwisho, si kwa ubovu wa kihisi, bali kwa saa 18 za chaji: utaichaji kila siku, na bila iPhone haikufai.

Sisi wenye ngozi nyeusi tumeambiwa mara nyingi kwamba saa hizi hazitufai. Ni kweli melanini, ile rangi inayoipa ngozi weusi, nayo hunyonya kijani. Lakini utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke wa 2020 haukukuta tofauti kubwa ya usahihi kati ya rangi za ngozi. Kilichoharibu vipimo ni mwendo, makosa yakizidi kwa wastani wa asilimia 30 kuliko mtu akiwa ametulia. Basi ikaze saa vizuri, juu kidogo ya mfupa wa kifundo, na usiivae juu ya chale zenye wino.

Dukani, omba kuivaa. Panda ngazi haraka, kisha weka vidole shingoni uhesabu mapigo kwa sekunde 30, uzidishe kwa 2. Saa ikipishana nawe kwa mapigo 5, ichukue. Ikipishana kwa 20 hata baada ya kuikaza na kurudia, mrudishie mwenyewe.