Fanksheni ya magunia imemezwa, na programu inasema "imekamilika"

Nyota moja kwa programu hii ya kutoa skima, yaani muundo wa hifadhidata ya PostgreSQL (majedwali na fanksheni zake, vile vipande vya msimbo vinavyoitwa kwa jina), na kuiandika kwenye faili. Awali ningeipa nne, maana majedwali inayatoa vizuri kweli: kila jedwali na faili lake, indeksi zake humo humo. Shida ni fanksheni.

PostgreSQL inaruhusu fanksheni mbili kuwa na jina moja, ili mradi aina za vigezo (thamani zinazopewa fanksheni) zitofautiane. Mfumo wetu wa kununua viazi hapa Uyole una kokotoa_malipo mbili: (integer, integer), yaani namba nzima mbili, ya magunia na (integer, numeric), ambapo ya pili inaweza kuwa na desimali, ya kilo. Programu hii inaliita faili kwa jina la fanksheni tu, bila vigezo. Inaandika ya magunia, halafu ya kilo inaandikwa juu yake. Onyo hakuna. Unaletewa "imekamilika" kwa rangi ya kijani.

Kibaya zaidi, ukipakia skima kwenye seva mpya hakuna kinacholalamika, kwa sababu PL/pgSQL, lugha tuliyoandikia fanksheni, haikagui fanksheni zinazoitwa ndani yake mpaka zitakapoitwa. Na zikiitwa, ya magunia haipo, hivyo integer inageuzwa numeric yenyewe na ya kilo ndiyo inayojibu! Magunia 12 ya mkulima wa Isyonje yanalipwa kama kilo 12. Tena magunia ya lumbesa.

Nikawaandikia. Jibu: "Hiyo siyo kasoro, badilisheni majina ya fanksheni zenu." Jamani! Fundi kakosea kipimo cha mlango, naambiwa mimi nipungue.

Sasa fanksheni nazitoa mwenyewe. Nasoma pg_proc, orodha ya fanksheni ndani ya PostgreSQL, skima yetu tu, na sharti prokind <> 'a', kwa kuwa pg_get_functiondef, inayotoa msimbo wa fanksheni, ikikutana na fanksheni ya kujumlisha inagoma na kazi yote inakatika. Napanga kwa jina, kisha kwa pg_get_function_identity_arguments(oid), yaani kwa vigezo vyake. Jina moja, faili moja, zote zinazolitumia zikifuatana humo. Nukta mkato ya mwisho lazima uiongeze mwenyewe. Usipange kwa oid, namba za utambulisho ambazo PostgreSQL inazitoa yenyewe, zinabadilika ukirudisha skima na Git, inayotunza historia ya faili, itakuonyesha mabadiliko ambayo hayapo. Wapo wanaotia vigezo kwenye jina la faili. Mimi sipendi, ukiongeza kigezo kimoja tu faili linabadilika jina na historia yake inakatika.

Nyota moja labda ni hasira. Kwa majedwali peke yake inastahili tatu, basi tuseme mbili. Ila nikilikumbuka lile jibu lao, hapana, ibaki moja.