Chanjo ya homa ya manjano kabla ya Lubumbashi, kituo cha serikali Dar (nyota 4 kati ya 5)

Wadau wa njia ya Tunduma kwenda Kongo mnaouliza kila siku mkachome wapi homa ya manjano, mimi nilichoma wiki mbili zilizopita hapa Dar, kituo cha serikali, ngoja niwaambie ilivyokuwa.

Nimefika saa mbili kasoro, tuko wanne tu kwenye benchi, nikasema leo natoka mapema. Wapi! Nesi anatuambia tusubiri wenzetu wafike. Jamaa wa pembeni yangu akaanza kufoka, na mimi mwenyewe nilishakasirika ila nikauliza kwa upole, dada mbona dawa ipo na sisi tupo? Akaniita nikaangalie. Kichupa kidogo kabisa, chini kuna unga mweupe umeganda kama chaki, akasema kaka hiki ni dozi 10, nikishachanganya na maji yake nina masaa 6 tu, ikibaki namwaga. Hapo nikamuelewa kabisa, maana 2016 homa hii ilivyolipuka Angola ikavuka mpaka Kongo, chanjo ilikuwa haba mpaka Kinshasa watu wakachomwa sehemu ya tano tu ya dozi ili iwafikie wengi. Saa nne tukawa tisa, akafungua.

Kabla ya sindano anamuuliza kila mtu peke yake, una mzio wa mayai, una ujauzito, unatumia dawa gani, umri umevuka 60? Mzee mmoja alikuwa amevuka, akampeleka kwa daktari kwanza, kwa heshima zote. Sindano yenyewe haiumi, usiku kichwa kiligonga kidogo basi. Kwenye kadi ya chanjo jina langu amelilinganisha na pasi herufi kwa herufi, akakuta amekosea moja, akaichana akaandika nyingine, akaweka namba ya bechi, sahihi na muhuri. Kadi inaanza kutambulika baada ya siku 10 kwa hiyo msiende dakika za mwisho, na tangu Julai 2016 ni ya maisha, hakuna tena kurudia kila miaka 10.

Nyota moja nimeikata kwa ajili ya nje ya geti. Kuna kijana pale anakushika mkono, bro kadi ninayo ina muhuri kabisa, huchomwi, dakika tano tu. Mlinzi anamuona na hakuna anayemgusa. Madereva wawili niliokaa nao benchi walichoka kusubiri wakamfuata na iliniuma sana. Jamani kadi hiyo Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, unaweza kupita nayo lakini homa hii inaenezwa na mbu, na mbu hasomi kadi! Ukiumwa na mbu mwenye ugonjwa unakaa siku 3 mpaka 6 hujisikii chochote, na ndo siku hizohizo uko kwenye lori unarudi nyumbani. Ukifika Temeke wale mbu weusi wa madoa meupe tunao tele, ndo haohao waliotusambazia dengue 2019, anakuuma wewe kisha anamuuma mwanao ambaye hata Tunduma hajawahi kufika. Na dawa ya kuua kirusi chenyewe hakuna, hospitali wanakuhudumia tu mwili upambane. Angola ile ya 2016 watu 11 walipanda nayo ndege mpaka China, Nairobi nako wakaingia wawili, hao wote ni wasafiri wa kawaida kama sisi, mtu katoka kazini anarudi kwao.

Malipo ni kwa kontroo namba, taslimu hawapokei, na beba pasi yenyewe sio kopi. Mimi naondoka Jumatatu. Wale madereva namba zao ninazo, nimewapigia mara mbili warudi wakachome, mmoja amekubali na safari yake ameisogeza mbele, mwingine bado naendelea kumpigia.