Atlasi ya IPCC mtandaoni: kwa joto safi, kwa masika tuongee kwanza

Naandika maandiko ya miradi kwa ajili ya AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) za kahawa huku Kilimanjaro, na siku hizi andiko lisilo na kifungu cha tabianchi halisomwi hata ukurasa wa pili. Kwa hiyo Atlasi ya IPCC, yaani ramani za mtandaoni za jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, iliyotoka Agosti 2021 pamoja na ripoti ya sita ya Kundi Kazi la Kwanza, ni chombo changu cha kila wiki. Haina malipo, haikudai nenosiri, na misimbo yake imewekwa GitHub kwa anayetaka kukagua hesabu. Kila kitu ni kwa Kiingereza, hilo ujiandae nalo.

Unachagua kundi la modeli (programu zinazokadiria tabianchi ijayo), kipimo, senario (makisio ya gesi joto zitakazotolewa) na miezi, ramani inajichora. Machi hadi Mei ipo tayari, ndiyo masika yetu. Vuli haipo, kwa sababu misimu imepangwa kwa kalenda ya kaskazini na unakuta Septemba hadi Novemba. Jipangie Oktoba hadi Desemba mwenyewe, inakubali.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba unaweza kuacha miaka na kuuliza kwa kiwango cha kupanda kwa joto la dunia: nyuzi 1.5, 2, 3 au 4. Ukikaa na bodi ya chama, "dunia ikipanda nyuzi mbili" inaeleweka haraka kuliko kuwaeleza SSP2-4.5, senario ya katikati, ni mdudu gani. Halafu kuna wenzangu ambao huenda moja kwa moja kwenye SSP5-8.5, kwa kuwa ramani inatoka nyekundu kama pilipili na mfadhili anashtuka. Hiyo ni senario ya juu kabisa katika orodha. Kuiweka peke yake bila kusema hivyo ni ujanja tu.

Kwa kahawa mimi huangalia joto la chini kabisa la siku, yaani la usiku. Utafiti uliochapishwa 2015 kuhusu arabika ya Tanzania uliona kupanda kwa joto la usiku ndiko kunakoendana zaidi na kushuka kwa mavuno, na kipimo hicho Atlasi inacho. Modeli zinakubaliana vizuri, ramani haina mistari ya mshazari. Mistari hiyo, ukiiona, ina maana kwamba chini ya asilimia 80 ya modeli zinakubaliana kama ni kupanda au kushuka. Usiifute kwenye picha unayobandika! Nimeshaona maandiko yaliyosafishwa hivyo.

Sasa ukubwa wa vigae, yaani miraba inayounda ramani. Data za CMIP6, yaani modeli za dunia nzima, humo zimewekwa kwenye gridi ya nyuzi 1, karibu kilomita 110 kila upande. Niliikuza ramani mbele ya mjumbe mmoja wa bodi, mzee mwenye kihamba, shamba la ukoo, juu mlimani Kibosho na shamba la mahindi tambarare. Akavua miwani, akasogeza uso kwenye kompyuta.

"Mwanangu, kule kwenye migomba na kule chini kwenye vumbi, hapa ni rangi moja?"

"Ndiyo mzee, rangi moja."

"Basi huyu hajafika."

Sikuwa na cha kumjibu. Kutoka kilele cha Kibo, mita 5,895, hadi Moshi mjini ni mwendo mfupi kuliko upana wa kigae kimoja. Ukihamia CORDEX, modeli za kikanda, unapata nyuzi 0.5, afadhali kidogo, lakini senario zake ni zile za zamani, RCP, kwa hiyo usizichanganye na SSP kwenye jedwali moja. Na chati za pembeni ni za kanda nzima: ukibofya kwetu unapewa wastani unaobeba sehemu kubwa ya Tanzania na Kenya, pamoja na Rwanda na Burundi.

Masika ndiyo yenye mgogoro. Modeli nyingi zinasema mvua za Machi hadi Mei zitaongezeka Afrika Mashariki. Vipimo vya mvua vilionyesha zikipungua tangu miaka ya 1980 kwa muda mrefu, na wanasayansi wenyewe wamekiita kitendawili. Ukimpelekea mkulima ramani ya kijani bila kumwambia hilo, atakuona mwongo, na 2024 iliyotufurikisha haitoshi kukutetea. Mimi hufungua CHIRPS kando, data za mvua za kuanzia 1981 kwenye gridi ya nyuzi 0.05, nazo ni bure, ndipo naandika sentensi yoyote kuhusu masika.

Kwa joto naipa nyota tano. Kwa mvua tatu, na moja kati ya hizo ni ya ile mistari ya mshazari. Pakua NetCDF, faili lenye namba zenyewe, badala ya kupiga picha ya skrini, maana mkaguzi wa mfadhili akitaka namba, rangi haitakusaidia.