Huduma za Uwanja wa Ndege: Ipi ya Kulipia, Ipi ya Kuachana Nayo

Viwanja vya kimataifa siku hizi vinamuuzia abiria karibu kila kitu: nailoni ya kufungia begi, njia ya haraka ya kukwepa foleni, sebule ya mapumziko, fedha za kigeni, hata troli kwingine. Si huduma mbaya zote, ila zinauzwa mahali ambapo mteja ana haraka na hana pa kulinganisha bei. Zinazookoa safari hasa ni za bure.

Iliyo bora kuliko zote ni mashine ya kujichapishia lebo ya mzigo, mradi uitumie ipasavyo. Kwanza ng'oa lebo zote za safari zilizopita, pamoja na vile vistika vidogo vya msimbopau vinavyobandikwa ubavuni. Mtambo wa kuchambua mizigo ukisoma misimbo miwili, begi linatengwa pembeni kusubiri mtu, na ndege haisubiri. Pitisha lebo kwenye mpini, kisha bandika ncha zake mgongo kwa mgongo bila kukunja mistari. Halafu soma herufi tatu kubwa: LHR ni Heathrow na LGW ni Gatwick, vyote London, lakini ni viwanja viwili tofauti. Ukiona msimbo wa kiwanja cha kuunganishia badala ya mwisho wa safari, ujue utachukua begi huko na kulisajili upya. Marekani kwa kawaida utalichukua kwenye kiwanja cha kwanza hata lebo ikionyesha mwisho wa safari, kwa sababu ya forodha. Kipande cha lebo unachobaki nacho, chenye tarakimu 10, usikitupe mpaka ufike nyumbani.

Kufunga begi kwa nailoni kunazuia mikwaruzo na zipu kufumuka, basi. Hakuzuii upekuzi: maofisa wakitaka kulifungua, wanaikata. Kama begi lako ni gumu na zima, hifadhi pesa yako. Ukiamua kufunga, pima uzito kwanza (kikomo cha kawaida daraja la chini ni kilo 23, na begi moja lisizidi 32), na simama hapo uhakikishe magurudumu na mpini vimeachwa wazi. Wafungaji wenye haraka huvifunika, ukabaki kuliburuta.

Njia ya haraka inafaa saa za msongamano tu. Uliza inahusu nini: mara nyingi ni ukaguzi wa usalama peke yake, si uhamiaji, na kamwe haifungui kaunta iliyokwisha kufungwa. Kaunta nyingi za safari za kimataifa hufungwa dakika 60 kabla ya ndege kuondoka. Isitoshe, kinachomkwamisha mtu kwenye ukaguzi ni mkoba wake mwenyewe. Pale panapotumika kanuni ya mililita 100, kinachopimwa ni ukubwa wa chupa, kwa hiyo chupa ya mililita 200 iliyobaki robo itatupwa. Pawabenki inakaa kwenye mkoba wa mkononi, haiingii kwenye begi la kusajili. Kikomo cha kawaida bila kuomba ruhusa ni wati-saa 100. Zidisha mAh (kiasi cha chaji kilichoandikwa juu yake) kwa volti 3.7, ugawanye kwa 1,000. Ya mAh 20,000 ni wati-saa 74, haina shida.

Sebule? Kwa kusubiri kwa muda mrefu sawa, kwa saa moja hapana.

Duka la kubadilisha fedha ndilo tunaloliponda. Bango la "hakuna kamisheni" lisikudanganye. Tazama pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza. Wakinunua kwa 90 na kuuza kwa 110, ukibadilisha kwenda na kurudi umepoteza karibu moja ya tano. Badilisha kidogo tu cha kuanzia. Na mashine ya kadi ikikuuliza utalipa kwa sarafu ya kwenu au ya hapo, chagua ya hapo.

Unapofika, dawati la mizigo iliyopotea liko upande wa ndani, kabla ya forodha, na ukishatoka kurudi ni shida. Mkanda ukisimama begi halijaonekana, nenda hapo hapo na kile kipande cha lebo, uandikiwe ripoti yenye namba ya kufuatilia. Eleza rangi, ukubwa na alama. Picha ya simu uliyopiga kabla ya safari inasaidia mno. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, unaohusu safari za ndege za kimataifa, malalamiko ya begi lililoharibika yapelekwe kwa maandishi ndani ya siku 7, ya lililochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipolipata.

Teksi za kaunta, zile unazolipia ndani na kupewa risiti yenye bei, huwa ghali kidogo kuliko za nje, lakini tunazipendekeza, hasa usiku. Anayekufuata mlangoni akitaka kukubebea begi, mwambie asante, endelea na safari.