TAHADHARI: "Hariri safi ya Misri" inayouzwa mtandaoni ni polista, msitume pesa

Wadau wa harusi na ruracio (sherehe ya mahari) hebu someni hii kabla hamjalipa mtu. Kuna muuzaji wa vitambaa huku mtandaoni, anasema yuko Eastleigh, Nairobi, lakini duka hakuna mtu amewahi kuliona, anauza kitu anaita hariri safi ya Misri momi 40 (momi ni kipimo cha uzito wa hariri), shilingi elfu mbili mia tano kwa mita moja, na wateja wangu kadhaa washaletewa polista tupu. Mimi ni fundi, nashona hapa Ngara, kitambaa lazima kipite mkononi mwangu kabla ya makasi kwa hivyo haya mambo nayaona. Jina la ukurasa siweki kwa sababu ashalibadilisha tangu nianze kumfuatilia, mkilishika hilo moja atawapiga na lingine. Shikeni mbinu.

Mbinu yenyewe iko hivi. Anakutumia sampo kwanza, kakipande kadogo ka bure, na hako kakipande ni hariri ya ukweli kabisa! Unachoma uzi unanusa, inanuka nywele, moyo unatulia, unaoda mita kumi na kitu za bibi harusi na wasimamizi. Sasa anataka pesa yote mbele, kwa till (namba ya biashara ya kulipia kwa M-Pesa) yenye jina lisilofanana na chochote, na ati ofa inaisha leo saa kumi na mbili. Boda anakuja na roli limefungwa selotepu mpaka basi, anakuambia hajalipwa kungoja ufungue. Ukifungua ni satini ya polista, ile ya mia tatu mia nne kwa mita ukijua kubageni. Ukimpigia anakwambia "madam satini ndio hariri, kagugo", ukikazana anakubloku.

Hapo kwa satini ndio anamaliza watu kwa hivyo wacha niongee polepole. Satini ni namna ya kufuma tu, uzi unarukia nyuzi kadhaa kabla ya kuzama chini, ndio maana upande mmoja unang'aa na wa nyuma umefifia. Unaweza kufuma satini kwa hariri, kwa polista, hata kwa pamba. Vile vile shifoni, oganza, tafeta, krepu, brokedi, hayo yote yanakuambia kitambaa kimefumwaje, hayakuambii kimefumwa na nini. Mtu akikuuzia "brokedi ya Banaras" muulize uzi ni wa nini, maana Varanasi, ndio hiyo Banaras, kule India wanafuma brokedi za hariri zenye nyuzi za dhahabu na fedha na ni kazi ya kutisha kwa uzuri, lakini nakala zake za mashine za polista zimejaa mji mzima na kwa picha huwezi kuzitofautisha. "Hariri ya mianzi" nayo ni viskosi, imetokana na mmea, hakuna mdudu alihusika. Mahameli ya hariri ndio usiseme, nyingi inayouzwa hata kwa maduka ya heshima ng'ambo mgongo ndio hariri, manyoya yale laini ya juu ni viskosi. Si wizi kama lebo imesema. Huyu wetu hana hata lebo.

Na hiyo Misri ameitoa wapi jamani. Misri sifa yake ni pamba. Hariri ilianzia Uchina maelfu ya miaka iliyopita na wakaificha siri hiyo kabisa, mpaka karne ya 6 ndio watawa wakapenyeza mayai ya hao wadudu hadi Constantinople kwa mfalme Justinian. Kama ni lazima adanganye si angedanganya na Pate, hapa kwetu Lamu, maana karne ya 16 mafundi wa Pate walikuwa wanafuma vitambaa vya hariri mpaka Wareno wanavitafuta, wengine wakifumua nguo za hariri za kutoka nje ili wapate uzi. Lakini huyo atajulia wapi hayo.

Bei pia inasema. Kiwavi mmoja anakula majani ya mforosadi, anajizungushia kifuko cha uzi mmoja unaoweza kufika mita 900 hivi, na nusu kilo ya hariri inataka vifuko kama elfu mbili tatu. Halafu mtu akuletee hiyo kazi yote na dilivari ya bure ndani. Polista ilivumbuliwa Uingereza 1941, inatoka kwa mafuta ya petroli, ni bei ya chini na hata haijikunji, mimi naishona kila siku na sina neno nayo. Shida ni kuilipia kama hariri.

Hizo momi ni uzito, momi 1 ni kama gramu 4.34 kwa mita ya mraba, kwa hivyo momi 40 ingekuwa gramu 174 hivi. Kile alichomletea mteja wangu tulikiweka kwa mizani ya keki ya jirani, hakikufika hata nusu. Ingawa msidanganyike, uzito ukikubali bado haujakuambia kama ni hariri, polista pia inaweza kuwa nzito.

Kitu cha kufanya ni kupima roli lenyewe, achana na sampo, na upime boda akiwa bado amesimama hapo. Chomoa uzi wa urefu na uzi wa upana, yote miwili, kwa sababu kuna wanaochanganya hariri upande mmoja na polista upande mwingine. Shika kwa kibano cha kung'olea nyusi, juu ya sinki, choma. Hariri inanuka nywele zimeungua, moto unazima wenyewe, na kinachobaki ukikifinya kinavunjika unga. Polista inayeyuka, inadondoka, inaacha kashanga kagumu. Viskosi inanuka karatasi. Ukiogopa moto tumbukiza nyuzi kwa Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo, uiache hapo masaa kadhaa, hariri itayeyuka iishe, polista itakuangalia tu. Ile ya kupitisha kitambaa kwa pete sahau, satini yoyote nyepesi inapita.

Kuna bwana harusi mmoja wa South C aliniletea hicho kitambaa nimshonee kanzu, mjomba wake akaja juu kwa duka langu, hariri kwa mwanaume ni haramu, mnafanya nini. Nikachoma uzi mbele yake. Mzee akanusa akacheka mpaka akakaa chini, akasema basi shona, hii ni plastiki, haina dhambi. Bwana harusi hakucheka, alikuwa amelipa elfu kumi na mbili mia tano.

Kama umetuma leo leo, forwadi ile meseji ya M-Pesa kwa 456, namba ya Safaricom ya kurudishiwa pesa, sai, usingoje akujibu. Pesa zikishatolewa ni ngumu. Pigeni skrinshoti za kila kitu pia kabla hajawabloku, namba ya till, mazungumzo, tangazo lenye neno "safi", mkienda polisi bila hizo mtazungushwa tu.

Na kuna mama wa bibi harusi wa Disemba bado hana kitambaa, anataka krepu ya hariri rangi ya maziwa mita nane. Mwenye anajua duka la kushika kwa mkono pale Biashara Street aseme. Usiniambie una "sapulaya" wako, taja mlango.